Mwanafunzi Akitoka Langoni

Kila bweni linapoteketea nchini mwetu, wakubwa wa elimu hukimbilia neno moja: utovu wa nidhamu. Shule hufungwa, wazazi hutozwa fedha za ukarabati, vijana wachache hufikishwa mahakamani, na swali la msingi huachwa majivuni. Je, wanafunzi hao walikuwa na njia gani halali ya kusikika kabla ya kiberiti?

Mnamo Machi 2001 wavulana 67 waliangamia katika shule ya Kyanguli, Machakos, kwa moto uliowashwa kwa petroli. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilikumbwa na moto. Hakuna dhiki inayohalalisha mauaji, na mchomaji wa bweni ni mhalifu. Lakini bodi ya shule inayongoja moshi ndipo iitishe mkutano nayo imekiuka wajibu wake.

Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka ya umma, kwa amani na bila silaha. Imesema kila mtu. Haikusema kila mtu mzima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika bodi. Katika shule ngapi mwakilishi huyo huitwa mkutanoni? Na akiitwa, husikiliza hesabu za karo kisha akaambiwa arudi darasani.

Basi bodi zijiandae muhula ungali mchanga. Malalamiko yaandikwe, yapokelewe kwa sahihi, yajibiwe kwa maandishi katika siku zinazojulikana, hata kama jibu ni la kukataa. Wanafunzi wakiazimia kwenda kwa miguu hadi ofisi ya elimu, jambo ambalo vijana wetu wamelifanya mara nyingi, walimu waandamane nao barabarani ili wasigongwe na magari. Ajulikane mapema ni nani atakayezungumza na polisi, na ni kwa sababu gani tu polisi wataitwa. Gesi ya kutoa machozi si chombo cha kufundishia.

Watakuwapo wenye kusema kwamba kupanga hivyo ni kukaribisha fujo. Hoja hiyo ni kuukuu; ndiyo waliyojibiwa waliodai vyama vingi, enzi ambapo mkutano wa hadhara ulihitaji leseni. Mageuzi ya 1997 yaliondoa leseni hiyo, ikabaki taarifa kwa polisi, ya siku tatu hadi kumi na nne kabla. Kwa nini bodi isiwafundishe wanafunzi kuandika taarifa hiyo? Siku tatu zinatosha kabisa kwa mwalimu mkuu mwenye busara kuketi nao, na huenda safari yenyewe isiwepo tena.

Lipo na la kufuli. Kule Kyanguli mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama wa Wizara wa 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kuelekea nje na madirisha yasiwe na vyuma. Mzazi anayempeleka mwanawe bweni aombe kuingia humo mchana, kuusukuma mlango kwa mkono wake, na kuuliza ufunguo hulala kwa nani.