NJIA ZA INCHI YETU: TUULIZWE KABLA RAMANI HAIJACHORWA



Sisi makarani wa mashimo tunaandika kutwa. Tunaandika namba ya kamio, jina la dereva, uzito wa shaba, uzito wa kobalti, saa ya kutoka. Kila mali inayotoka hapa inapita kwanza chini ya kalamu yetu. Lakini katika biro zetu hakuna daftari hata moja lenye mahali pa kuandika haya: mama alitaka kupeleka mihogo sokoni, amekosa njia; mtoto anasoma ng'ambo ya reli, hana daraja; mgonjwa anangoja treni tangu siku nne. Mambo hayo hayaandikwi. Na neno lisiloandikwa haliingii katika mpango.

Leo tunataka kusema juu ya mpango. Tunajua wengine watasema: mambo ya reli na barabara ni ya mawaziri na mainjinia, sisi yatuhusu nini? Wasome mpaka mwisho, kisha waamue.

Mwaka 2023 Angola iliweka reli yake ya Benguela, km 1,344 toka bandari ya Lobito mpaka Luau, katika mikono ya kampuni ya Lobito Atlantic Railway kwa miaka 30. Upande wetu reli inaendelea kutoka Dilolo mpaka Tenke, karibu km 520, nayo ni ya SNCC, kampuni ya Leta. Reli hii yetu ni nzee na imechoka. Wakubwa wa dunia wanataka itengenezwe, kwa sababu shaba na kobalti ya Katanga, ambayo leo kwa sehemu kubwa inatoka kwa kamio, ingefika baharini upesi kwa njia hiyo. Sisi hatukatai. Reli nzuri ni baraka. Lakini fikirini neno hili: miaka 30! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2023 atakuwa baba wa watoto siku mkataba wa Angola utakapoisha. Watu wachache wakikaa mezani siku moja, wanapanga maisha ya mtu ambaye hajajua kutembea. Je, baba yake hakustahili kuulizwa?

Tusidhani kwamba jambo hili ni jipya. Tuangalie nyuma kidogo.

Treni ya kwanza ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Ilitoka kusini, kwa njia ya Rhodesia na Sakania. Mwaka 1918 reli ilifika Bukama. Mwaka 1928 ilifika Ilebo, mji ambao Wabelgi waliuita Port-Francqui. Mwaka 1931 iliungana na reli ya Benguela. Angalieni ramani: kila mstari unatoka shimoni na kwenda mtoni au baharini. Ni kama mfereji wa kutoa maji nyumbani. Lakini kutoka Ilebo mpaka Kinshasa reli haikujengwa. Hata leo mzigo unaotoka kwetu kwenda mji mkuu kwa njia hiyo unashuka katika treni na kupanda masua. Wababu zetu walibeba mataruma na vyuma kwa mabega yao, na wengi walikufa katika kazi hiyo. Hakuna aliyewauliza: ninyi mnataka kwenda wapi?

Kisha mwaka 1949 Ubelgiji ulitangaza Mpango wa Miaka Kumi kwa ajili ya Kongo. Ulikuwa mpango mkubwa kweli, na njia za kusafirishia watu na mizigo zilipata sehemu kubwa ya fedha. Hatusemi kwamba wote ulikuwa mbaya. Wazee wetu walipata barabara, na kazi, na nyumba. Lakini mpango ulipoandikwa, Mkongo hakuwa na kura hata moja. Kura ya kwanza ilikuja mwezi wa Desemba 1957, tena katika miji mitatu tu, Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, na ilikuwa ya kuchagua watu wa komini. Mpango ulikuwa umekwisha kula miaka yake karibu yote.

Tarehe 30 Juni 1960 tulipandisha bendera yetu. Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini tuseme wazi: bendera ilibadilika, namna ya kupanga njia haikubadilika. Mwaka 1975 vita ya Angola iliifunga njia ya Benguela, ikabaki imefungwa kwa miaka mingi. Mwaka 2008 ulikuja mkataba wa Sicomines na Wachina: madini kwa barabara, reli na hospitali. Mkataba huo ulibadilishwa mwaka 2009, ukabadilishwa tena mwaka 2024. Tunauliza: katika Kolwezi, katika Likasi, katika Kamina, ni nani kati yenu aliyeulizwa ni barabara gani ianze? Ainue mkono.

Na mpango usiojua watu unaua watu. Hatutii chumvi. Mwezi wa Machi 2022 treni ya mizigo ilianguka karibu na Buyofwe, katika jimbo la Lualaba. Watu zaidi ya 70 walikufa. Walikuwa wanatafuta nini katika treni ya mizigo? Walikuwa wanasafiri, ndugu! Treni za abiria ni chache, barabara ni mbaya, nao walikuwa na ndugu wa kuzika, na unga wa kuuza, na watoto wa kurudisha nyumbani. Wakapanda juu ya mawagoni. Mpango ulihesabu tani, haukuhesabu watu.

Sasa tuseme tuliyoyaona kwa macho yetu. Katika mji mmoja wa madini tuliitwa kwenye mkutano. Tulipewa soda. Bwana mmoja alitundika ramani ukutani, akasema kwa Kifaransa muda wa saa nzima. Ramani ilikuwa imekwisha kuchorwa kwa wino na kutiwa muhuri. Mama mmoja muuza unga aliinuka, akauliza kwa Kiswahili: “Baba, mistari hii inapita kati ya nyumba zetu na soko. Sisi tutavukia wapi na mizigo kichwani?” Bwana yule akageukia mwenzake, wakanong'onezana. Kisha akajibu: “Mama, neno lako ni la baadaye.” Tukatia sahihi katika karatasi ya waliofika, tukaenda zetu. Baadaye tulisikia kwamba karatasi ile imekuwa ushuhuda kwamba watu wa mji wameulizwa na wamekubali. Sahihi zetu! Hapo ndipo tulipofahamu kwamba kuitwa si kuulizwa.

Kuulizwa maana yake ni hii: unafika wakati wino haujakauka, unasema, na neno lako linaweza kugeuza mstari.

Je, jambo hili linawezekana? Wengine watasema ni ndoto ya watu wasiosoma. Basi tuangalie Marekani, ambayo Rais wake wa wakati huo, Joe Biden, alikwenda mwenyewe Lobito mwezi wa Desemba 2024 kuitazama reli hiyo. Katika Marekani, baada ya sheria ya barabara kubwa ya mwaka 1956, mainjinia walichora mistari yao bila kujali walioko chini yake. Mtaa wa watu weusi ulioitwa Rondo, katika mji wa Saint Paul, ulikatwa na barabara. Mtaa mwingine wa watu weusi, Overtown katika Miami, ulivunjwa vilevile. Watu walipinga kwa miaka mingi, mji kwa mji. Leo sheria yao, iliyotiwa nguvu mwaka 1991, inalazimisha kila jimbo kuwa na mpango wa usafiri wa muda mrefu, usiopungua miaka 20, na kuwapa wananchi nafasi ya kusema juu yake kabla haujapitishwa. Hata kule kuna mikutano ya soda na sahihi, tusidanganyane. Lakini mwananchi ana sheria ya kushika mkononi. Basi hao wanaotaka kutoa fedha kwa reli yetu wanajua vizuri namna ya kuwauliza watu. Wanawauliza wao kwa wao. Watuulize na sisi.

Tena tusidhani sisi hatuna sheria. Tunayo. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, juu ya kulinda mazingira, inasema wananchi wana haki ya kupata habari na haki ya kushiriki katika maamuzi yanayogusa mazingira yao. Inaagiza uchunguzi ufanywe kabla ya kazi kubwa kuanza, na watu wasikilizwe. Sheria hiyo imelala katika makabati. Nani ataiamsha? Si yule ambaye usingizi wake unampa faida.

Kuna ndugu wanaotuambia: “Mkiwauliza watu wote, kila mmoja atataka treni isimame mlangoni pake, na kazi haitaanza kamwe.” Neno hili lina akili, na tunalijibu kwa heshima. Injinia anajua daraja litabeba tani ngapi. Hatutamfundisha. Lakini injinia hajui mahali ambapo watoto wanavuka asubuhi. Hajui bonde gani linajaa maji mwezi wa pili. Hajui kwamba watu wa makala wanapita na kinga zao saa kumi ya usiku ili wafike sokoni kabla ya jua. Sisi tunajua. Yeye alete yake, sisi tulete yetu, mpango utakuwa mzima. Na kuhusu kuchelewa: kazi gani inachelewa kuliko ile inayoanzwa vibaya, ikasimamishwa na ugomvi, ikaanzwa tena?

Kwa hiyo tunadai mambo manne, na tunaomba kila msomaji ayashike kichwani.

La kwanza: mpango wowote wa reli au barabara kubwa uandikwe kwa Kifaransa na kwa lugha za watu. Hapa kwetu ni Kiswahili. Ubandikwe kwa komini, sokoni, mlangoni pa mashimo, na usomwe redioni.

La pili: mikutano ifanywe kabla ramani haijapigwa muhuri, kwa saa ambayo mfanya kazi wa zamu na mama wa soko wanaweza kufika. Kila swali liandikwe, na jibu lake liandikwe. Wakikataa neno letu, waseme kwa nini.

La tatu: kila mkataba wa reli uhesabu watu na chakula. Kando ya mawagoni ya shaba yawe na mawagoni ya abiria, na ya mahindi, na ya samaki wa Bukama. Mwenye nyumba inayopaswa kuvunjwa alipwe kwanza, ndipo nyumba ivunjwe.

La nne: mpango wa miaka 30 usifungwe kama sanduku la maiti. Ufunguliwe kila baada ya miaka mitano, watu waseme kilichotimizwa na kilichoharibika.

Lakini tujisemee na sisi wenyewe, maana si haki kulaumu upande mmoja. Mara ngapi tumeitwa kwenye mkutano tukasema, “Hakuna posho, siendi”? Mara ngapi tumetia sahihi karatasi tusiyoisoma? Sisi makarani, tuliosoma shule za misioni, tumewaacha wenzetu peke yao mbele ya Kifaransa, tukaona aibu kuinuka na kuwafasiria. Hilo ni kosa letu. Tangu leo, karani asiyemsomea jirani yake karatasi inayogusa nyumba yake asijiite ndugu. Wazee wamesema: asiyekuwapo na lake halipo.

Basi, wafanya kazi wa mashimo, dereva, mama wa soko, mwalimu, mzee wa kijiji cha kando ya reli: kila mtaa uchague watu watatu. Mmoja anayejua kusoma, mmoja anayejua barabara, na mama mmoja anayejua soko. Waende kwa mkuu wa komini, waulize: mpango uko wapi? Wakiambiwa haupo, warudi tena wiki inayofuata. Wakiambiwa ni siri, watujulishe, nasi tutaandika. Na mkutano ukiitwa, nendeni wengi, mkae mbele, msitie sahihi kabla ya jibu.

Wababu zetu waliijenga reli bila kuulizwa. Sisi tunaipakia bila kuulizwa. Watoto wetu wasije wakaipanda juu ya mawagoni ya mizigo, bila kuulizwa, na kufa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuungane, tuulize, tuandike.