Nguvu ya Kuvuta Siyo Nguvu ya Kusimamisha

Ndugu wakulima, wakati wa kuvuna viazi barabara zetu hujaa pikapu ndogo zinazovuta trela zisizo na breki. Mwenye gari husema, "Gari langu lina nguvu, kwa nini lisivute?" Kuvuta litavuta. Je, litaweza kusimama?

Natupige hesabu. Kwa kanuni za viazi za mwaka 2019, gunia lisizidi kilo 50. Magunia 20 ni kilo 1,000. Tuseme trela yenyewe ni kilo 300. Jumla kilo 1,300. Pikapu ndogo ikiwa tupu huweza kuwa na uzito kama huo huo. Basi breki za gari moja zimepewa kazi ya magari mawili.

Penye tambarare dereva huenda asione tofauti. Lakini mteremko wa kutoka Kinangop kwenda Naivasha hauna huruma. Trela husukuma gari kwa nyuma, dereva hukanyaga breki muda mrefu, nazo hupata moto zikaacha kushika. Akikanyaga ghafula penye kona, trela hujipinda na kulisukuma gari mtaroni, au penye watoto watokao shuleni.

Huko Uingereza, trela isiyo na breki hairuhusiwi kupita kilo 750 pamoja na mzigo wake, wala kupita nusu ya uzito wa gari liivutalo. Kipimo hicho cha nusu chatufaa hata sisi. Kwa pikapu ya kilo 1,300, trela na mzigo visizidi kilo 650: yaani magunia 7, siyo 20.

Wengi watasema safari tatu hula petroli. Ni kweli, na mwenye mkopo wa shamba hana fedha za kutupa. Lakini gari likipinduka mkopo haupungui, na aliyekufa harudishwi na mavuno.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba jambo hili lisiachiwe mtu mmoja mmoja. Kila chama cha ushirika kinunue trela yenye breki zinazojibana zenyewe inaposukuma mbele, wanachama waikodi kwa zamu. Tena karani wa mizani apewe amri ya kukataa kupakia kupita kiasi, hata mwenye gari akiwa mzee wa kamati. Na kila dereva atie gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, siyo katikati ya mteremko.

Watu husema ajali haina kinga. Hii inayo, nayo ni mizani.