Mafuta mazito si dawa ya moteri iliyochoka

Ndugu shofere, na wewe ndugu unayepanda nyuma ya kamyo kila asubuhi kwenda kazini, neno hili ni lenu wote wawili.

Hapa Mapendo, ukimwambia fundi kwamba moteri yako inakula mafuta, jibu ni moja: tia mazito. Unamwaga 15W-40, unatia 20W-50, na kweli moshi unapungua na mshale wa presha unapanda. Shofere anafurahi. Mimi sifurahi.

Beringi za moteri zikilika, nafasi yao hupanuka, mafuta hupita upesi na presha hushuka. Mafuta mazito hupita polepole, kwa hiyo mshale hupanda tena. Lakini nafasi ile imebaki palepale. Umefunika kidonda, hukukitibu. Siku beringi ikikwama katika milima ya baada ya Sake, moteri inazimika: usukani unakuwa mzito, kompresa ya breki za hewa haizunguki tena, na nguvu ya moteri iliyosaidia kuzuia gari kwenye mtelemko haipo. Nyuma wameketi baba za watoto.

Sikatai mafuta mazito. Kama kitabu cha gari kinayaruhusu, tia. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi, lakini baridi yetu ya asubuhi si ile ya Ulaya. Ninachokataa ni kubahatisha. Pima kwanza.

Kupima mafuta yaliyotumika si jambo jipya. Reli ya Denver and Rio Grande, huko Marekani, ilifanya hivyo kwa moteri za treni zake mwaka 1946. Maabara hutafuta vyuma vilivyolika ndani ya mafuta. Chuma kikizidi, tazama silinda. Risasi na shaba hutoka kwenye beringi, alumini kwenye pistoni. Silikoni mara nyingi ni vumbi, na sisi tunaoishi juu ya mawe ya Nyiragongo, yaliyoshuka tena 2002 na 2021, vumbi tunalijua! Silikoni na chuma vikipanda pamoja, usikimbilie mafuta mazito: fungua chujio la hewa na mipira yake. Na kama mafuta yamekuwa mepesi kwa sababu mazutu inavuja kutoka injekta, ukitia mazito unaficha uvujaji tu.

Chukua mafuta moteri ikiwa bado na joto, katikati ya kumwaga, si yale ya kwanza wala ya mwisho. Chupa iwe safi na kavu. Andika juu yake namba ya gari na kilometa. Kipimo kimoja husema kidogo. Fanya hivyo kila unapobadili mafuta, ndipo utaona kinachopanda.

Vaa glavu. Mafuta ya moto huunguza, na mafuta machafu yakikaa kwenye ngozi miaka mingi yanaweza kuleta kansa. Kitambaa chenye mafuta usikitie mfukoni. Mama, kazi-nguo hizo zifuliwe mbali na nguo za watoto.

Kwa maoni yangu, gari lolote linalobeba watu lisitoke garaji bila karatasi ya kipimo chake. Chupa ni bei ndogo kuliko moteri, na sitaki hata kutaja bei ya mtu. Jumatatu, kabla ya kupanda, mwulize shofere wako: karatasi ya mwisho ilisema nini?