Shanta Mgongoni, Hodi kwa Shangazi

Ndugu msomaji, wakati wa likizo unapokaribia wapo vijana wengi, na hata watu wazima wenye ajira zao, wanaojiandaa kwa safari ndefu za kuvuka mipaka kwa basi na kwa miguu, shanta mgongoni na fedha za kuhesabu mfukoni. Safari hizo ni njema, wala sina nia ya kumkatisha mtu tamaa. Lakini katika kila mpango wa namna hiyo huwamo mstari mmoja ulioandikwa upesi upesi: "Hapa nitalala kwa ndugu." Leo naomba tuzungumze habari ya mstari huo, maana hata mimi niliuandika.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba 2024. Nilikuwa na likizo ya majuma manne, nami nikapanga kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, nivuke Nakonde, nishuke Mpika na Lusaka, niyaone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, kisha nipite daraja la Kazungula, lililofunguliwa mwaka 2021, kuingia Botswana. Mpika ndiko aliko shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Aliolewa na fundi wa injini katika karakana ya reli ya TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 iliyokabidhiwa kwa serikali zetu mbili mwaka 1976. Mume amekwisha fariki, naye akabaki huko huko kwenye nyumba yao.

Jambo hili si la ajabu kwetu sisi Wanyamwanga. Mpaka uliochorwa katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 ulipita katikati ya watu bila ya kuwauliza, na hadi leo jamaa wa Momba na Mbozi wana wajomba na shangazi upande wa pili. Kuvuka kwenyewe si kazi kubwa. Mtanzania mwenye pasipoti haombi viza ya kwenda Zambia kwa matembezi, na tangu mwaka 2019 maofisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja katika kituo kimoja cha mpakani. Ugumu, msomaji wangu, uko mbele zaidi, mlangoni pa nyumba unayoiendea.

Nilifika Mpika jioni. Majirani walikuwa wamekwisha kusanyika uani kunipokea, wakinisalimu "Mwapoleni", neno la Kibemba ambalo sikio la Mswahili hulipokea kama "poleni", nami kwa uchovu nikalipokea hivyo. Nilipewa maji ya kuoga. Nikaandaliwa kuku, pamoja na ugali ambao huko huitwa ubwali, mweupe, umejaa sahani. Umeme haukuwako, basi tukala kwa mwanga wa mshumaa. Nilikula kama mtu aliyetoka vitani.

Baada ya chakula shangazi alisogeza mkeka karibu, akakaa, akanyoosha miguu. "Sasa, baba," akasema, kwani mimi huniita baba kwa kuwa nimechukua jina la kaka yake, "nihadithie."

Nilijua anataka nini. Baba alifariki mwaka 2022, naye shangazi alipata habari kwa simu: amefariki, tunazika kesho kutwa. Hakuwa na hati ya kusafiria, na mazishi hayakumngoja. Kwa miaka miwili alikuwa na neno lile moja tu, amefariki, asijue aliugua vipi, alisema nini, nani alikuwa naye usiku ule. Nami nilikuwako.

Nikamjibu: "Kesho, shangazi. Leo nimechoka sana."

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kituo cha basi, shanta mgongoni. Shangazi alinisindikiza gizani na furushi la karanga mkononi. Furushi halikuingia katika shanta. Lilikuwa na hema, blanketi la kulalia, jiko dogo la gesi na viatu vya akiba, lakini halikuwa na nafasi ya kilo mbili za karanga. Na kwa kuwa mambo haya hayafichiki, nikiri pia kwamba nilipokwenda halikuwa na kilo moja ya mchele wa Kyela wala doti ya khanga kwa ajili yake.

Lusaka nilifikia kwa binti yake, anayekaa Matero katika vyumba viwili na watoto wanne. Huko ndiko nilikoambiwa mambo mawili. La kwanza ni habari ya ule ubwali. Mwezi Februari mwaka ule Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Hekta kama milioni 1 za mahindi, kati ya milioni 2.2 zilizopandwa, zilikuwa zimeharibika. Ziwa Kariba nalo lilipungua maji, na ndiyo sababu tulikula gizani. Bei ya gunia la kilo 25 la unga ilikuwa imepanda, na watu wa kipato cha chini walinunua unga wa vipimo vidogo vya nailoni, ambavyo huko huitwa pamela. Shangazi alikuwa amekopa kwa jirani ili sahani yangu ijae. Mimi niliitazama ile sahani nisione ila ukarimu.

La pili binamu yangu alilisema akiwa amenigeuzia kisogo, akiosha vyombo. "Mama anasema hukumwambia kitu."

Niliendelea na safari, kwa maana tikiti nilikuwa nimekwisha kata. Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yenye upana wa zaidi ya meta 1,700, mwezi wa Oktoba huwa na maji haba, hasa upande wa Zambia. Nilikuta ukuta mrefu wa mawe, mkavu. Kwa ajili ya mawe hayo ndiyo maana nililiwahi basi la alfajiri.

Basi wewe unayepanga safari, nikuombe machache. Kwa ndugu usipange usiku mmoja. Panga siku tatu au upite ukalale nyumba ya wageni, kisha uende kumwamkia mchana. Usimfikie jioni bila ya kujua mwaka wao wa mavuno ulikuwaje. Uliza kwa simu kabla hujavuka mpaka, nawe ununue unga, mafuta na sukari huko huko, ukabidhi jikoni kimya kimya, maana mwenye nyumba hatakubali ukimpa fedha mkononi. Na kabla ya kuondoka nyumbani pitia kwa wazee, waulize: yule wa ng'ambo amekosa misiba gani, na harusi zipi? Andika majina katika daftari. Hiyo ndiyo zawadi inayosubiriwa, na haina uzito wowote mgongoni.

Agosti 2025 nilikwenda tena, safari hii bila shanta, na mfuko wa mchele begani. Niliishia Mpika tu. Usiku wa kwanza shangazi hakuniuliza neno; nadhani alikuwa anaogopa kuuliza mara ya pili. Nikaanza mwenyewe. Nilimweleza tangu homa ya kwanza, hospitali, kurudi nyumbani, jinsi baba alivyoomba uji kisha asiunywe, walioshika jeneza, mvua iliyonyesha tukiwa makaburini. Alikuwa akinikatiza: nani alisali? Kaburi liko upande gani wa lile la bibi? Alilia kidogo, akanyamaza, akauliza tena. Jogoo wa kwanza aliwika tukiwa bado mkekani.

Mwisho akataka kujua kigoda cha baba kilikwenda kwa nani. Nikamjibu kwamba kaka yangu mkubwa ndiye aliyekichukua katika kugawana vitu.

"Kile ni changu," akasema. "Nilimwachia siku niliyoolewa, akitunze tu."

Nimekwisha mwandikia kaka. Bado hajajibu.