Zabibu ya Makutupora



Wenzangu bwenini hunicheka nisemapo kwamba nchi yetu ina zabibu yake ya divai nyekundu. Wao hudhani divai ni mali ya Ufaransa tu. Zabibu hiyo ni Makutupora Nyekundu, nayo imepewa jina la Makutupora, Dodoma, penye kituo cha utafiti. Huko mvua ni haba kama huku kwetu Shinyanga, walakini mzabibu ukipogolewa huchipua tena, na mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka.

Mjomba wangu ni mkulima huko. Mwaka jana wanunuzi walichelewa, zabibu zake zikaoza shambani. Zabibu haingoji kama pamba yetu ingojavyo ghalani.

Simshawishi mwanafunzi yeyote anywe divai, la hasha! Nasema tusome kemia na kilimo kwa bidii, ili wakulima wawe na matangi yao ya kuhifadhia mchuzi wa zabibu hata mnunuzi afike. Haifai mtu avune mara mbili, apate hasara mara mbili.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne