Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anaishi Arusha, naye ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Hakuvunja mlango. Mwaka 2006 Tanzania iliridhia Itifaki ya kuianzisha Mahakama hiyo. Mwaka 2010 ikatoa, kwa hiari yake, tamko la kuwaruhusu raia kuishitaki huko moja kwa moja.

Mchungaji Christopher Mtikila akabisha hodi. Mahakama za nyumbani alikwisha kuzimaliza. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimpa haki juu ya mgombea binafsi. Bunge likabadili Katiba kuuzima ushindi ule. Akashinda tena mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikautengua. Tarehe 14 Juni 2013 Arusha ikaamua kuwa kumlazimisha mtu aingie chamani ndipo agombee ni kumnyima haki yake, ikaiagiza Serikali irekebishe. Mtikila alifariki mwaka 2015. Uchaguzi wa mwaka huo ukapita, wa 2020 ukapita, wa 2025 ukapita, na mgombea binafsi hakuonekana, Bara wala Visiwani.

Novemba 2019 mdaiwa alifunga mlango. Serikali iliondoa tamko lake, ikidai linatekelezwa kinyume cha masharti yake: kwamba mlalamikaji amalize njia za nyumbani, na Katiba ifuatwe. Mtikila alibakisha njia ipi? Na ikiwa Katiba yenyewe ndiyo inayolalamikiwa, sharti la pili ni sawa na kumwambia mwenye njaa kuwa atakula akishashiba.

Watetezi husema dola huru haiamrishwi na wageni. Lakini dola huru ndiyo iliyoahidi. Ibara ya 63 ya Katiba hiyo hiyo inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba. Bunge linaloridhia leo na kupuuza kesho linalidhalilisha neno lake lenyewe, wala halihitaji mgeni wa kulidhalilisha.

Leo Mghana aweza kwenda Arusha kuishitaki serikali yake. Mtanzania mkaazi wa Arusha hupita nje ya uzio. Hata hivyo, kuondoa tamko hakukuifuta hukumu ya 2013, na Itifaki ingali inaifunga Jamhuri. Serikali na ilirudishe tamko, na muswada wa mgombea binafsi ufike Bungeni. Ahadi ni deni, na deni hili lina tarehe.