UCHAMBUZI: Rimoti pekee haitoshi kulinda gari lako

WENYE magari wengi hubonyeza rimoti wakiwa tayari wameyapa magari yao kisogo, wakiamini milango imejifunga. Imani hiyo ndiyo mtaji wa wezi wa maegesho.

Rimoti ni kituo kidogo cha redio. Inapobonyezwa hutuma ujumbe, aghalabu katika masafa ya megahezi 315 kwa magari ya soko la Japani na 433 kwa yale ya Ulaya. Ujumbe huo hubeba utambulisho wa rimoti, amri ya kufunga au kufungua, na nambari ya siri inayobadilika kila kitufe kinapobonyezwa. Gari nalo hukokotoa nambari linayoitarajia, zikioana, hutii. Ndiposa ujumbe uliokwisha kupokewa na gari jana haupaswi kulifungua leo.

Lakini mwizi hana haja ya kuijua siri hiyo. Humtosha kuwasha mtambo wake wa redio katika masafa yayo hayo wakati mwenye gari anabonyeza. Gari huwa mithili ya mtu anayeitwa kwa jina katikati ya ngoma: halisikii. Mwenyewe huenda zake, na kipakatalishi hutwaliwa bila kioo kuvunjwa. Akiulizwa na polisi au kampuni ya bima ni wapi palipovunjwa, hana cha kuonyesha.

Magari yanayofunguka ufunguo ukiwa mfukoni yana udhaifu wake. Gari hutoa wito hafifu, na ufunguo ulio karibu hujibu. Mnamo 2011, watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, walijaribu aina 10 za magari ya kampuni 8. Walirefusha mawimbi hayo hadi kwa ufunguo uliokuwa mbali, magari yakafunguka na kuwaka. Siri haikuvunjwa, ilisafirishwa tu.

Serikali ya Uingereza ilitangaza mnamo Februari 2025 kwamba ingeharamisha umiliki wa vifaa vya aina hii, kwa kifungo cha hadi miaka 5. Hapa kwetu, mjadala huo ungali mchanga, ilhali magari mengi huteremshwa Mombasa yakiwa yametumika kwa miaka kadhaa ng'ambo. Mnunuzi hupewa ufunguo asijue kama kuna mwingine uliosalia kwa mtu asiyemfahamu.

Sheria pekee haitaziba pengo hili. Wasimamizi wa maegesho wanapaswa kuwatahadharisha wateja wao, nao wauzaji wa magari wafute katika kumbukumbu za gari funguo zote za zamani kabla ya kulikabidhi.

Maadamu hayo hayajafanyika, mwenye gari asiondoke kabla ya kuona taa zikimemeta na kuvuta kitasa kwa mkono wake. Kitasa kikigoma, hapo ndipo gari limefungwa.